Kifumbu Hakichuji: Mhadhara juu ya Kusimama Jukwaani

(Mhadhara huu ulitolewa mbele ya wanachuo wa ualimu wa somo la Kiswahili. Umechapwa kama ulivyosemwa, isipokuwa pale msemaji alipojikwaa.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi vijana mnaojiandaa kushika chaki: asalaam alaykum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na ambaye sikumgusa, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Naona mmecheka. Wapo wanaoyakejeli maneno hayo mawili, lakini mimi nayatetea. Kabla hayajaenea, msemaji alipanda jukwaani na orodha ya vyeo, akaanza na mgeni rasmi, akateremka ngazi moja moja mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwenye kila ngazi jasho linamtoka akihofia kwamba amemruka mtu. Mimi nimewahi kumruka mtu. Alikuwa mstari wa mbele, amekunja nne, na hakunisamehe mpaka chai ilipoletwa. Aliyebuni maneno yale alitupunguzia robo saa ya mateso, na kama ningemjua ningempelekea zawadi.

Nimeombwa nizungumzie mbinu za kuhutubia. Mwenyekiti ataniwia radhi, mbinu za kujaza saa nzima sina. Nina kisa. Ni kisa cha dakika kumi na mbili nilizosimama jukwaani miaka kadhaa iliyopita, katika ukumbi ambao sitautaja, na mama mmoja aliyenisahihisha kitenzi mbele za watu. Lakini ili kisa kieleweke, inabidi nianzie mbali, nianzie darasa la nne.

Tulikuwa Tanga, miaka ya sabini. Shule yetu ilikuwa inamngojea mgeni kutoka wilayani, na ilitakiwa itoe ngonjera. Jukwaa lilikuwa meza mbili za walimu zilizosogezwa pamoja chini ya mwembe, moja fupi kuliko mwenzake, kwa hiyo ukisogea kushoto unayumba. Ngonjera, kwa mliozaliwa zama hizi, ni ushairi wa kujibizana. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa umbo tulilolijua sisi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa chombo cha kuwaeleza watu siasa ya Ujamaa. Washairi wa chama cha UKUTA waliibeba, shule zikaipokea, na hapakuwa na mgeni aliyeondoka shuleni bila kuimbiwa moja. Ndani yake yupo mbishi asiyejua na yupo anayejua. Mmoja anauliza kwa ubeti, mwenzake anamjibu kwa ubeti, mpaka mbishi anasalimu amri.

Mimi ndiye niliyekuwa mbishi. Nilikuwa mkulima mvivu anayehoji kwa nini ahamie kijijini. Katibu wa kijiji alikuwa binti wa darasa la sita, mrefu kunizidi kichwa kizima, amejifunga kitenge cha mama yake. Je, niliogopa? Nimejaribu sana kukumbuka hofu ya siku ile, sioni. Kila nilipomaliza ubeti nilijua kuna kitu kinarudi. Nilitupa, nikadakiwa. Kuna ubeti nilisahau mshororo wa tatu, nikabaki nimeachama, na yule binti akaninong'oneza bila kutikisa midomo, macho yake bado makali, macho ya katibu wa kijiji. Mgeni hakugundua kitu. Alidhani nimesita kwa sababu hoja za Chama zimeanza kuniingia.

Baada ya hapo nilikaa zaidi ya miaka kumi na tano bila kupanda jukwaani, na niliporudi nilikuwa nimesoma. Hapo ndipo pana balaa. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu makini husoma mada. Mada ina kurasa, kurasa zina vichwa vya habari, na wewe kazi yako ni kuwasomea watu kile ambacho wangeweza kujisomea wenyewe wakiwa wamelala. Unasimama peke yako. Katibu wa kijiji hayupo. Ukisahau mshororo hakuna wa kukunong'oneza, kwa hiyo unaishikilia karatasi kama mtu anayevuka mto ameshika kamba.

Hofu nayo ikaja, na haijaniacha hadi leo. Dalili zake mnazijua. Kinywa kinakauka, ulimi unagandana na kaakaa, tumbo linakumbuka shida zake zote. Wenye elimu ya mwili wanatuambia kwamba tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza mwendo, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa, na mate yanapungua, maana mtu anayekimbia hana haja ya kutafuna. Mwili una king'ora kimoja tu. Ukutane na chatu au ukutane na mkuu wa wilaya, kinalia kilekile. Sitawadanganya kwamba mazoezi yatakizima. Cicero, ambaye Warumi walimhesabu kuwa bingwa wa kusema, aliandika kitabu cha mazungumzo juu ya kazi ya msemaji, na humo akamfanya Crassus, gwiji wa kizazi kilichomtangulia, akiri kwamba anapoanza hotuba uso humpauka na viungo humtetemeka. Ikiwa Crassus alitetemeka, mimi nani?

Na tuna mfano ulio karibu zaidi nasi. Musa, alipotumwa kwa Farao, alilalamika juu ya ulimi wake. Wenye Biblia watakiona kilio chake katika kitabu cha Kutoka, na wenye Kurani katika sura ya Ta-Ha. Kwetu pwani masheikh wengi, kabla hawajaanza darsa, huisoma dua ile ya Musa, anapoomba akunjuliwe kifua na afunguliwe fundo la ulimi. Nimeisikia tangu sijaota meno ya pili. Lakini nilichelewa sana kutazama kinachofuata. Baada ya kifua na ulimi, Musa aliomba mtu. Aliomba apewe nduguye, Haruni, asimame naye. Sisi tulioenda shule tumeshika sehemu ya ulimi. Tunafundishana matamshi, pumzi, kidatu cha sauti. Sehemu ya kuomba mtu tumeiacha pale pale.

Sasa kisa.

Mada yangu siku hiyo ilihusu maneno ya jikoni ya pwani yanayopotea. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne, na nilikuwa nimeahidiwa dakika arobaini, kuanzia saa tatu asubuhi. Saa tatu ilifika, mgeni rasmi hakufika. Saa nne vilevile. Kwaya iliimba, ikapumzika, ikaitwa tena. Mshereheshaji alimaliza vichekesho vyake vyote, akaanza kurudia vya mwanzo kwa kubadilisha majina. Mgeni aliingia saa tano kasoro, na kwa kuwa alikuwa na ratiba nyingine, kila kitu kilichomhusu kikatangulizwa: utambulisho, risala, hotuba yake, zawadi, hata picha ya pamoja. Tulipiga picha ya kumbukumbu ya mhadhara ambao ulikuwa haujatolewa. Kisha akaondoka, na nusu ya mstari wa mbele wakamsindikiza, wasirudi.

Hapo ndipo mshereheshaji aliponisogelea na kunipa kikaratasi. Kilikuwa risiti ya kreti la soda, na nyuma yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mwl., dk 12. Samahani."

Hebu fanyeni hesabu. Ukurasa wangu mmoja unanichukua karibu dakika tatu, maana Kiswahili hakisomeki kwa haraka. Neno letu moja limebeba mtenda, wakati, mtendwa na namna. "Ulivyowafundisha" ni neno moja na silabi saba. Kurasa kumi na nne katika dakika kumi na mbili ni jambo lisilowezekana, na mtu mwenye akili angeziweka kando pale pale. Mimi nilifanya anachofanya mjinga. Nilisoma kwa kasi.

Karatasi ikaanza kutetemeka. Kidole kikitetemeka kidogo tu, ukurasa unakikuza mpaka mtu wa mlangoni anauona, na kipaza sauti kilichokuwa karibu kikaichukua ile sauti ya karatasi na kuitangaza ukumbi mzima kama upepo wa kusi kwenye makuti. Nikaona ninywe maji. Walikuwa wameniwekea chupa iliyofungwa, na kizibo chake kipya kikalia kra, kra, kra mbele ya kipaza sauti. Mtu akacheka. Nikafungua, nikanywa, nikakosea njia, nikakohoa. Hiyo ilikuwa dakika ya tatu.

Nikarudi kwenye ukurasa wa tatu, na hapo palikuwa na sentensi niliyokuwa nikijivunia. Nikaisoma: kifumbu ni kifuko kilichosukwa, kinachotumika kuchujia tui la nazi.

Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu ukumbi ule. Ubavuni palikuwa na mlango mdogo wa kuelekea uani, walikokuwa wakipika. Chakula kilikuwa kimeiva tangu saa nne. Kwa sababu ya ucheleweshaji, akina mama waliokuwa wakipika hawakuwa na kazi tena zaidi ya kulinda masufuria, kwa hiyo wawili watatu walikuwa wameingia na kukaa kwenye viti vya pembeni, karibu na feni. Mmoja wao alikuwa mtu mzima, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mikono imekunjwa kifuani. Nilipomaliza ile sentensi alimgeukia jirani yake akamwambia, wala hakuniambia mimi, ila ukumbi ulikuwa kimya na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuitana na watu walio mbali:

"Kifumbu hakichuji. Kifumbu cha kukamulia."

Nikasimama kusoma. Sikusimama kwa hekima, bali kwa sababu nilipoteza mstari. Nikaangalia chini kuutafuta, sikuuona, nikaangalia juu, nikamwona yeye.

"Shikamoo, mama."

Alitazama nyuma kwanza, kuhakikisha si mwingine anayesalimiwa. "Marahaba, mwanangu."

"Naomba unisaidie. Kuchuja na kukamua vina tofauti gani?"

Alicheka kwa aibu, akafunika mdomo na ncha ya kanga. Kisha akainuka. Hakuomba kipaza sauti, na hakukihitaji. Alionyesha kwa mikono. Kuchuja: mkono mmoja umeshika, mwingine unamimina, basi, kitu kinashuka chenyewe. Kukamua: mikono yote miwili imekamata, mmoja unasokota huku, mwingine kule, mabega yanapanda, shingo inakaza. Alikamua kifumbu kisichokuwepo mpaka nikaona tui likitiririka. "Kasimile haiji kwa kumimina," akasema. "Inataka nguvu."

Ukumbi ulikuwa umeamka. Nikamuuliza kama leo wametumia kifumbu. "Leo?" akasema, kana kwamba nimemuuliza kama wamekuja kwa punda. "Leo blenda, na chujio la plastiki." Akakaa.

Nami nikabaki nimesimama na kurasa kumi na moja mkononi, nimeduwaa. Kwa sababu kurasa hizo kumi na moja zilikuwa zinajaribu kuthibitisha jambo hilohilo, na zilikuwa zimeshindwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba chombo kikiondoka jikoni huondoka na maneno yake. Nilidhani maneno hayo ni majina tu: kifumbu, kata, upawa, kibia. Kumbe kinachotangulia kupotea ni kitenzi. Nazi ikisagwa kwa blenda na kumiminwa kwenye chujio, mikono haisokoti tena, na mtu anayesema "kuchuja tui" anasema kweli tupu kuhusu jiko la leo. Mimi, msomi wa maneno ya kale, nilikuwa nimekichukua kitenzi cha chujio la plastiki nikakibandika kwenye kifumbu cha bibi yangu, na sikujua. Nisingejua hadi leo, maana wahariri wawili walikuwa wameipitia mada ile na sentensi ikawapita wote.

Nikawaambia hivyo. Niliwaambia kwa maneno ya kawaida, karatasi nimeilaza juu ya meza: jamani, mmeona kilichotokea? Mimi mwenyewe ndiye mfano wa mada yangu. Wakacheka, na safari hii kicheko hakikuniuma. Bwana mmoja nyuma akadakia habari ya mbuzi ya kukunia nazi, kwamba wajukuu zake wakisikia mbuzi wanatafuta kamba. Nikapata nafasi ya kuwaonyesha vijana jinsi sarufi inavyolinda tofauti ile: mbuzi wa kuchinja, lakini mbuzi ya kukunia. Binti mmoja akauliza kama kata ya kuchotea maji na kata ya kiutawala ni neno moja. Nikamjibu kwamba kata hiyo ya maji ni kifuu kilichotiwa mpini, na hiyo nyingine ametoka kuniambukiza swali, nitakwenda kulitafuta. Mshereheshaji alikuwa amekuja kunionyesha saa. Akabaki amesimama na saa yake, akasikiliza.

Nilishuka jukwaani nikiwa sijasoma ukurasa wa nne. Kurasa zote nilizisahau mezani. Tulipokwenda kula, wali ulikuwa umepoa, na yule mama alinipakulia akasema niongeze mchuzi, maana ni wa tui la blenda, haushibishi.

Nimekifikiria kisa hiki kwa miaka, na kila nikifikiria narudi kwenye tamthilia ambayo wengi wenu mnaijua. Mwalimu Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963, na hakuridhika nayo, akaipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Isomeni kwa jicho la mtu anayetaka kujua kusema mbele za watu. Kaizari ameuawa, na wamesimama wasemaji wawili, mmoja baada ya mwingine, mbele ya umati mmoja. Brutus ni mtu mwema, na hotuba yake ni safi. Anawauliza watu: nani aliye duni kiasi cha kupenda utumwa? Kama yupo na aseme, maana huyo nimemkosea. Ananyamaza, anangoja. Wanamjibu kwamba hayupo. Juu juu unaona amepata majibu. Lakini swali lile lilikuwa limefungwa kamba miguuni. Nani atanyoosha mkono aseme mimi napenda utumwa? Brutus aliuliza ili anyamazishe.

Antony anakuja baadaye, na yeye hafungi. Anataja kwamba kuna wosia, halafu anakataa kuusoma, mpaka watu wenyewe wanamlazimisha. Katikati ya hotuba anageuka pembeni, analia, anawaacha wazungumze wao kwa wao, na tunawasikia wakianza kugeuza mawazo yao bila yeye kuwaambia neno. Kisha anaomba ruhusa ya kuteremka. Fikirini hilo, msemaji anayewaomba wasikilizaji ruhusa ya kushuka! Anashuka, wanamzunguka pamoja na maiti, na kuanzia hapo jukwaa halipo tena. Wanapoondoka kwenda kuchoma nyumba moto kila mmoja anaamini hasira ile ni yake.

Siwatumi muwe akina Antony. Yule bwana alikuwa na lake, na mji uliungua. Nataka mwone tofauti tu, maana Brutus tunao wengi sana kumbini siku hizi, na wanatambulika kwa swali moja. "Tuko pamoja?" Ndiyooo. "Sijasikia!" Ndiyooooo. Swali hilo ni ugonjwa. Limeanzia kwenye semina, likaingia madarasani, sasa nalisikia hata misibani. Hakuna jibu lake zaidi ya ndiyo, kwa hiyo anayejibu ndiyo hajasema kitu. Ukitaka kujua kama watu wako pamoja nawe, usiwaulize. Utajua wakikubishia.

Najua mtu ataniambia kwamba hata bibi zetu walianza na "Paukwa!" tukajibu "Pakawa!" Kweli. Lakini hilo lilikuwa kubisha hodi. Linasemwa mlangoni, na ukishaingia ndani huendelei kubisha hodi kila baada ya sentensi tatu. Bibi yangu alisimulia gizani, taa ya kibatari imezimwa ili mafuta yasiishe, na katikati ya hadithi kazi ya kuitikia ilikuwa yetu. "Eeh." "Kisha?" "He! Akafanyaje?" Asiposikia "eeh" alinyamaza. Alijua tumelala, na mara nyingi alikuwa sahihi. Mara moja nilijifanya nimelala nione kama ataendelea peke yake. Hakuendelea. Alijifunika kanga yake akalala, na sungura yule sijui hadi leo alitokaje kisimani.

Neno letu la mtu huyu ni mwitikiaji. Tunalitumia zaidi kwenye nyimbo, lakini mimi naliazima. Hofu yangu yote ya miaka ile ya kusoma mada ilikuwa hofu ya mtu anayeimba na haitikiwi, na asiyeitikiwa huanza kujisikiliza mwenyewe. Anasikia pumzi yake, karatasi yake, kizibo chake cha chupa. Kwenye dakika zile tisa za mwisho magoti yangu yaliendelea kutetemeka vilevile, king'ora kililia vilevile. Ila sikuwa na muda wa kukisikiliza, nilikuwa namsikiliza mama wa watu.

Jirani yetu wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alimsimamisha mshtakiwa Karama mbele ya mfalme katika riwaya ya Kusadikika kwa siku sita mfululizo. Wanafunzi wangu huniuliza alipata wapi pumzi. Mimi huwajibu kwamba Karama hakuwa na mgeni rasmi aliyechelewa.

Mtataka kujua nafanyaje siku hizi. Nafika mapema, siketi kwenye kochi la wageni, nazunguka nikisalimia watu kwa mkono, hasa wa nyuma na wa pembeni. Sentensi ya kwanza naijua kwa moyo, kwa kuwa dakika ya kwanza ndiyo mbaya. Vichwa vya hoja naviandika kwenye kadi ngumu, maana kadi haitetemeki kama karatasi. Chupa ya maji naifungua kabla sijaitwa. Kipaza sauti nakishika mpini, si kichwa, kwa sababu ukikifunika kichwa na kiganja kinapiga mluzi, na nakiweka umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni. Halafu namtafuta mtu. Simtafuti anayetabasamu, huyo ni mwenye adabu tu na anaweza kutabasamu huku anawaza nauli. Namtafuta anayetikisa kichwa.

Si mara zote nampata. Mwaka juzi nilialikwa kuzungumza na maofisa, ukumbi wa viyoyozi, meza za duara, kila mtu na simu yake. Nilijaribu. Niliuliza swali, wakatazamana. Nilimsalimia mzee mmoja kwa jina, akaniinulia kidole gumba na kurudi kwenye simu. Nikarudi kwenye karatasi kama mlevi anavyorudi kilabuni, nikasoma mwanzo hadi mwisho kwa sauti nzuri. Hapakuwa na aliyenikatiza wala kunisahihisha. Nilipomaliza walipiga makofi marefu kuliko ya siku ile ya kifumbu, na nikapewa cheti chenye fremu. Katika mada ile bila shaka mna kosa mahali. Lipo mpaka leo, limechapwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami kwa saa nina heshima. Nimezungumza habari za jikoni kwa kirefu, na mimi ni mtu ambaye sijawahi kukuna nazi moja mpaka ikaisha. Hapana shaka nimekosea kitenzi kingine. Kipaza sauti cha pili anacho kijana yule aliye karibu na mlango. Wewe dada wa mstari wa pili, mwenye daftari la kijani, ulitikisa kichwa mara mbili nilipokuwa kwenye ngonjera, na mara ya tatu kwenye dua ya Musa. Karibu, tuanze na wewe.